Januari ya Shule, Julai ya Shamba

Uwe Isikizya unachochea moto wa chai, uwe Goweko stesheni unangoja treni, uwe Loya au Upuge shambani na redio umeitundika mtini, nakuomba, msikilizaji, unitegee sikio kwa robo saa. Nina neno kuhusu watoto wetu na shule zao, na nitalianza na mwezi wa Januari.

Kwa mkulima wa wilaya yetu ya Uyui, mkoani Tabora, Januari ni mwezi mgumu. Mvua imekolea. Tumbaku inadai palizi, na ile iliyowahi kupandwa majani yake ya chini yameanza kuiva, kwa hiyo bani la kuikaushia linataka kuni usiku na mchana. Mahindi yanabeba, na nyani wanayatazama kutoka msituni. Ghalani zimebaki punje za kuhesabu. Fedha ya mauzo ya mwaka jana ilikwisha zamani, na masoko ya tumbaku hayafunguliwi mpaka mvua zielekee ukingoni. Katika mwezi huohuo kengele ya shule inagongwa. Sare, viatu, madaftari, kalamu. Kuna anayeingia darasa la kwanza, kuna anayeingia kidato cha kwanza, na wote wawili wanamtazama mzazi yuleyule ambaye mfukoni hana kitu. Na yeye mzazi anawatazama wao, kwa sababu anahitaji mtu wa kuamia mahindi.

Nikiwa darasa la nne, katika shule ambayo sitaitaja, tulipangwa mstarini asubuhi moja ya Januari. Tuliokuwa hatujaleta mchango tulitengwa na wenzetu tukaambiwa tukauchukue nyumbani. Nilimkuta mama shambani. Hakusema neno, akanipa jembe. Nikapalilia juma zima, na niliporudi darasani wenzangu walikuwa wameshaanza desimali, somo lililonisumbua miaka mingi baadaye. Julai ya mwaka huohuo magunia ya mahindi yalipangwa nyumbani kwetu mpaka karibu na dari, na hakuna mtu yeyote aliyekuja kutuomba hata kibaba kimoja kwa ajili ya shule.

Msikilizaji, hilo ndilo ninalotaka kulizungumza. Wazazi wa Isikizya na Uyui nzima si wagumu wa kutoa kama wanavyosemwa. Tunawaomba wakati hawana, na wakati wanacho tunanyamaza.

Wazee wetu wa Unyamwezi waliyajua majira. Wapagazi waliobeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe, hapa Tabora, hadi Bagamoyo, safari ya miezi mitatu hivi kwa miguu, wengi wao waliondoka baada ya mavuno, nao wakajitahidi wawe wamerudi nyumbani mvua za kupandia zinapoanza. Wageni waliotaka wabebaji wakati wa kulima walipata taabu kuwapata. Biashara iliyoendesha nusu ya Afrika ya Mashariki ilibebwa mabegani mwa watu wetu, na watu hao hawakukubali kuliacha shamba lao liharibike kwa ajili ya mzigo wa mwingine. Leo tunawabebesha wazazi mzigo wa shule katika mwezi ambao hata msafara wa pembe usingewapata wabebaji.

Kalenda ya masomo imepangwa na taifa: muhula wa kwanza Januari hadi mwanzoni mwa Juni, wa pili Julai hadi Desemba. Siombi ibadilishwe kwa ajili ya Tabora peke yake. Ninachosema ni kwamba mchango wa kijiji kwa shule yake hauna sababu ya kufuata muhula. Unaweza kufuata mavuno.

Na kijiji kuchangia shule si jambo geni kwetu. Tabora imesomesha taifa. Shule ya wavulana iliyofunguliwa na Waingereza miaka ya 1920 kwa ajili ya wana wa machifu ndiyo aliyosoma Julius Nyerere kuanzia mwaka 1937, na alipomaliza Makerere akarudi mjini hapa kufundisha St. Mary's. Tunajivunia, na tuna haki ya kujivunia. Lakini shule hizo kubwa ziliwaita vijana kutoka kila pembe ya nchi, na mtoto wa Isikizya hakupata humo nafasi zaidi ya mtoto wa Songea kwa kuwa tu alizaliwa jirani. Shule ya kijijini ilibidi wanakijiji wenyewe waisimamishe. Baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililotaka kila mtoto apate elimu ya msingi ifikapo 1977, ni mama zetu waliobeba maji kichwani na baba zetu waliofyatua matofali. Ulipokuja mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi, MMEM, mwaka 2002, wakafyatua tena. Zilipokuja shule za sekondari za kata miaka michache baadaye, wakafyatua mara ya tatu.

Ukipita barabara ya Tabora kwenda Nzega utaona alama ya kazi hiyo. Kuta zimesimama hadi kwenye lenta, madirisha yako wazi, majani yameota ndani. Tunaziita maboma. Wananchi wametoa mchanga, kokoto, maji na nguvu zao, wakainua ukuta, kisha wakangoja bati na saruji ya kumalizia. Maboma mengine yamepauliwa. Mwaka wa fedha wa 2021/22 Serikali ilitumia sehemu ya fedha za mapambano dhidi ya UVIKO-19 kujenga madarasa 15,000 nchi nzima, 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi, na watoto wengi walitoka chini ya mti. Mengine bado yanangoja. Na watoto nao hawangoji kuzaliwa: sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 2.29 katika Mkoa wa Tabora, ya 2022 ikahesabu milioni 3.39. Watu zaidi ya milioni 1 wameongezeka katika miaka 10.

Mzee aliyebeba tofali mwaka ambao mwanawe anaanza darasa la kwanza, kisha akaliona boma hilo halina bati mwanawe anapomaliza la saba, ukimwita tena atakuja? Mimi nisingemlaumu akikaa nyumbani.

Nije kwenye neno lililotuharibia mazungumzo. Neno lenyewe ni "bure". Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada na michango ya lazima kuanzia Januari 2016, na lilikuwa jambo jema kupita kiasi. Madarasa yakafurika watoto ambao kabla ya hapo walikuwa machungani. Serikali ikaliita jambo hilo elimumsingi bila malipo. Mtaani tukaliita elimu bure, na kutoka hapo ikawa rahisi kusema kwamba mtoto sasa ni wa Serikali. Waraka uliofuata mwaka 2016 ulieleza wazi kwamba sare, madaftari na chakula cha mwanafunzi wa kutwa ni juu ya mzazi. Waraka huo haukufika kwenye masikio ya wengi. Kisha Januari 2018, Rais Magufuli akapiga marufuku michango shuleni, baada ya malalamiko ya watoto kufukuzwa kwa sababu ya fedha, na aliyetaka kuchangia akaelekezwa kwa mkurugenzi wa halmashauri. Mimi niliyewahi kutengwa mstarini nilifurahi. Walimu wakuu wengi, kwa upande wao, wakaogopa hata kulitaja neno chakula mbele ya mzazi, na shule nyingi zikazima majiko.

Sasa tupige hesabu pamoja, na kama una kalamu ishike. Ruzuku ya Serikali kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka. Katika hiyo, 6,000 ndiyo inayokwenda shuleni kwa matumizi, na 4,000 ni ya vitabu. Mwaka wa masomo una siku 194. Gawa 6,000 kwa 194. Unapata shilingi 31 kwa siku kwa mtoto mmoja, ya chaki, ya karatasi za mitihani, ya ukarabati, ya michezo, ya utawala. Hiyo haitoshi nusu ya andazi. Hakuna mwalimu mkuu, hata awe mwadilifu namna gani, atakayepika uji kwa fedha hiyo.

Chukua debe moja la mahindi. Lina kilo 17 au 18. Ligawe kwa siku zilezile 194. Unapata gramu 90 hivi kwa siku. Ukizisaga zinamtosha mtoto mmoja uji mzito wa kikombe kikubwa saa nne asubuhi, kila siku ya shule, Januari hadi Desemba. Debe moja! Kwa kaya iliyovuna magunia kumi, debe la Julai halitikisi ghala. Debe hilohilo ukiliomba Januari unaomba chakula cha juma zima cha familia, na mama mwenye akili timamu atakukatalia.

Mtoto anayetembea saa moja na nusu kutoka kitongojini, aliyetoka nyumbani alfajiri bila kitu tumboni, ikifika saa tano macho yanamwona mwalimu lakini masikio yameshafunga. Kila mwalimu anayenisikiliza analijua hilo. Na kila mwalimu anajua pia kwamba shule yenye uji haipigi mbio kuwatafuta watoro. Watoto wenyewe wanakuja, na wadogo zao wanawafuata.

Kuna watakaosema hayo ni ya nchi tajiri. Finland leo ni tajiri, lakini sheria yake ya chakula cha shule ilipitishwa mwaka 1943 katikati ya vita, ikaanza kutekelezwa kikamilifu 1948 nchi ikiwa na dhiki na madeni. Na sheria hiyo iliruhusu wanafunzi kupewa kazi ya kiasi, nje ya saa za masomo, ya kulima na kukusanya chakula cha jiko la shule. Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 na kutaka kila shule iwe na shamba linaloilisha, wapo waliodhani ni ndoto ya ujamaa tu. Jirani zetu wa Nairobi wamechagua njia nyingine: tangu 2023, chini ya mpango wa Dishi na County, mtoto hulipa shilingi 5 za Kenya kwa mlo na kaunti na washirika wake wanabeba sehemu iliyobaki. Nairobi ina fedha kila siku, ndiyo maana inatoza kila siku. Sisi fedha yetu huja kwa msimu, na chakula chetu vivyo hivyo. Tukitaka kuiga, tuige kanuni ya kuomba mtu anapokuwa nacho.

Na si mahindi peke yake. Nani katika Unyamwezi hana viazi vitamu mwezi wa Juni? Viazi vyetu vikavu, michembe na matobolwa, vilivyomlinda Mnyamwezi na njaa miaka mingi, vinakaa mwaka mzima vikiwekwa pakavu. Karanga tunazo. Kikombe cha uji wenye unga wa karanga ni lishe ambayo daktari yeyote ataisifu. Asali ya misitu yetu inafika mbali, sioni kwa nini isifike kwenye uji wa darasa la kwanza.

Lakini debe likishatolewa, linakwenda wapi? Hapo ndipo pagumu, na sitalizunguka. Kwanza kuna mdudu. Dumuzi, yule anayegeuza gunia zima kuwa vumbi, aligunduliwa kwa mara ya kwanza barani Afrika hapahapa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa hiyo hatuhitaji kufundishwa ubaya wake. Mahindi ya shule yahifadhiwe kwenye mifuko ya kinga njaa, na stoo iwe na sakafu ya saruji. Pili kuna mtu. Wazazi wengi hawakuacha kutoa kwa uchoyo. Waliacha kwa sababu walitoa, na hawakuambiwa kilichotokea.

Dawa yake ipo na hatuhitaji kuitafuta mbali. Miradi ya ujenzi inayotumia mafundi wa kijijini inadai kamati tatu za wananchi: ya ujenzi, ya manunuzi, na ya mapokezi. Anayenunua si anayepokea, na anayepokea anahesabu mifuko ya saruji mmoja mmoja ikishushwa garini. Mahindi ya uji yapewe heshima ileile ya saruji. Watu wengine wapokee madebe, wengine washike ufunguo wa stoo, na kila mwisho wa mwezi kamati ya shule ibandike kwenye ubao wa matangazo: yameingia madebe kadhaa, yamepikwa kadhaa, yamebaki kadhaa. Ubao huo usiwekwe ofisini kwa mwalimu mkuu. Uwekwe nje, karibu na kisima au dukani, mahali ambapo bibi anayepita atamwambia mjukuu wake amsomee. Mwalimu mkuu kwa utaratibu ni katibu wa kamati ya shule, na mzazi ni mwenyekiti. Katika shule nyingi ninazozijua mwenyekiti huyo huitwa kutia saini tu. Mwenyekiti asiyejua idadi ya madebe yaliyomo stoo hajawa mwenyekiti bado.

Jambo moja nalitilia mkazo kuliko mengine yote. Mtoto asinyimwe kikombe kwa sababu mzazi wake hakuleta debe. Zipo kaya maskini zinazohudumiwa na TASAF, yupo bibi anayelea wajukuu wanne bila msaada, na serikali ya kijiji inazijua nyumba hizo kwa majina. Hizo zisamehewe. Na yule mzazi mwenye nacho anayekaidi, mwenyekiti wa kijiji amfuate yeye. Mtoto aliyekaa pembeni akiwatazama wenzake wakinywa hatajifunza chochote siku hiyo, na wenzake watajifunza jambo baya.

Na chombo cha kuwaunganisha wazazi tunacho tayari. Mkoa wetu ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyopata mradi wa elimu wa EQUIP-Tanzania, uliofadhiliwa na Uingereza kuanzia 2014. Kutoka humo tulibaki na kitu kizuri kinachoitwa UWW, Ushirikiano wa Wazazi na Walimu, ambapo kila darasa linakuwa na wawakilishi wake wa wazazi. Mradi ulikwisha, na mahali pengi UWW ikalala nao. Iamsheni. Haihitaji fedha ya Uingereza kwa mama wa darasa la pili kwenda kumuuliza jirani kwa nini mtoto wake haonekani tangu Jumatatu. Mradi huohuo uliwaweka vijana wa kijijini kuwasimulia hadithi watoto wadogo waliokulia kwenye Kinyamwezi na Kisukuma, ili wakiingia darasani Kiswahili kisiwe ukuta. Bibi zetu wanaweza kazi hiyo, na wana hadithi nyingi kuliko vitabu vilivyoko shuleni.

Nina neno la mwisho, na hili halina msimu. Wilaya ya Uyui ni pana. Binti anayechaguliwa kwenda sekondari ya kata mara nyingi anakuta shule iko mbali kiasi cha kushindwa kwenda na kurudi, naye anapangiwa chumba. Wenyewe wanakiita geto. Ana miaka 14, anapika peke yake, analala nyuma ya mlango wa bati, na unga ukiisha hana wa kumwambia. Anayemletea unga usiku tunamjua. Wakati mwingine ni dereva wa bodaboda, wakati mwingine ni mtu mzima mwenye watoto wa umri wake. Tangu 2016 sheria inamwekea kifungo cha miaka 30 anayempa mwanafunzi mimba. Lakini kesi nyingi hazifiki mahakamani, kwa sababu wazee wanakaa chini ya mwembe, ng'ombe wanahesabiwa, na jambo linaisha nyumbani. Hapo kijiji kimeshirikiana kweli, msikilizaji, ila kimeshirikiana dhidi ya mtoto wake. Binti huyo anaruhusiwa kurudi shuleni baada ya kujifungua, kwa Waraka Namba 2 wa mwaka 2021. Ni wazazi wangapi wamemrudisha? Ng'ombe waliopokelewa zizini hawamrudishii mwaka mmoja wa masomo.

Kama kijiji kinaweza kuinua boma la darasa, kinaweza kuinua hosteli ya mabinti. Na mpaka hosteli iwepo, mama mmoja wa mtaa ule apewe jukumu na kijiji, kwa muhtasari ulioandikwa, la kugonga mlango wa geto kila jioni na kuuliza: mwanangu, umekula?

Kwa sheria, mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Kila mkazi mwenye miaka 18 au zaidi ana haki ya kusema humo. Nakuomba kesho asubuhi umuulize mtendaji wa kijiji chako tarehe ya mkutano ujao, na umwambie aandike kwenye ajenda mambo mawili: debe la Julai kwa kila mtoto aliye shuleni, na orodha ya mabinti wote wanaoishi geto, nani anawatazama. Mimi nitaendelea kuuliza hapa redioni, kijiji kwa kijiji, kuanzia Isikizya.